Mla Asali: Waslavi walivyompa dubu jina, na kwa nini siamini kwamba ni woga tu

Kama uliangalia mpira wa Italia mwanzoni mwa miaka ya 2000 basi Pavel Nedvěd unamkumbuka, yule Mcheki wa Juventus mwenye nywele ndefu za dhahabu aliyechukua Ballon d'Or 2003, mwaka uleule aliokosa fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya kadi ya njano aliyopewa kwenye nusu fainali na Real Madrid. Jina lake maana yake ni dubu. Wala sio jina la utani alilopewa na mashabiki, ni la ukoo, nedvěd ni namna ya zamani ya Wacheki kutamka medvěd, na medvěd ndio dubu. Dmitry Medvedev aliyekuwa rais wa Urusi 2008 mpaka 2012, jina lake ni "wa dubu". Daniil Medvedev wa tenisi, aliyempiga Djokovic kwenye fainali ya US Open 2021, naye ni wa dubu hivyohivyo.

Sasa lichukue hilo neno ulipasue katikati, utakuta halisemi dubu hata kidogo. Linasema "mla asali".

Hii stori inazunguka sana mitandaoni, na inasimuliwa karibu kila mara kwa namna moja: Waslavi wa kale walimuogopa dubu mpaka wakaogopa kulitaja jina lake, wakalificha, wakamwita mla asali, na jina la kweli likapotea milele. Inasisimua, na sehemu yake ni kweli. Ila mimi kila nikiisoma naona watu wanaishia kwenye woga wanasahau asali, yaani neno lina vipande viwili, asali na kula, halafu tunajadili kitu cha tatu ambacho hakimo ndani ya neno lenyewe. Naomba tuangalie vilivyomo.

Kabla Waslavi hawajagawanyika kuwa Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia, Wabulgaria na wengine, neno lao lilikuwa medvědь. Kipande cha kwanza ni medu, asali, cha pili ni ěd, kula. Ile v ya katikati inawachanganya wengi lakini Mswahili angepaswa kuielewa haraka kuliko mtu yeyote, maana sisi tunafanya kituko hichohicho kila siku bila kujua: mu ikikutana na irabu inageuka mw, mu-alimu anakuwa mwalimu, mu-ana anakuwa mwana, mu-embe unakuwa mwembe. Medu ikakutana na ěd, ile u ikajikunja ikawa w, medwěd, na w ya Waslavi baadaye ikakaza ikawa v. Basi. Na muundo huo hawakuwa nao peke yao, kwenye Rigveda, kitabu cha nyimbo takatifu cha Wahindi wa kale, kuna madhvad, madhu ni asali au utamu, ad ni kula, kitu kilekile kabisa, ila kule linasemwa juu ya ndege wanaokula tunda tamu juu ya mti, dubu hayupo.

Waslavi wenyewe baadaye walisahau mshono ulipopita. Wakaanza kuukata pabaya, med-ved, na kwa kuwa ved kwao inahusu kujua wakasema dubu ni "anayeijua asali", kosa zuri kwa kweli ila ni kosa. Waukraine wakaenda mbali zaidi wakavigeuza vipande juu chini, leo wanasema vedmid. Wapolandi wakabadilisha m ya mwanzo ikawa n, wakapata niedźwiedź, neno ambalo mgeni akiliona limeandikwa anaomba maji kwanza. Wahungaria, ambao lugha yao haina undugu wowote na Kislavi, walipofika bonde la Danube wakawakuta Waslavi wakaazima neno, na mpaka leo dubu kwao ni medve. Kwa hiyo Wahungaria wanasema "mla asali" wakati asali kwao ni méz na kula ni enni, yaani kwenye masikio yao neno halisemi asali wala kula, ni mnyama tu.

Turudi kwenye hilo jina "lililopotea". Kupotea ni kwa Waslavi tu na majirani zao wa kaskazini, kwingine lipo mchana kweupe. Wagiriki wana arktos, Warumi walikuwa na ursus, Wahindi wa kale ṛkṣa, Wahiti waliokaa Anatolia zaidi ya miaka 3000 iliyopita waliandika hartagga, Wawelshi mpaka leo wanasema arth, Waarmenia arj. Yote hayo ni neno moja la babu mmoja, yaani lugha ya kale iliyozizaa hizi zote pamoja na ya Waslavi. Kwenye arktos ndipo tulipopata Aktiki, nchi iliyo chini ya nyota za dubu, na Antaktiki ni ng'ambo yake. Na Linnaeus, yule mwanasayansi aliyeviainisha viumbe, mwaka 1758 alipompa dubu wa kahawia jina la kisayansi alimwita Ursus arctos, dubu kwa Kirumi na dubu kwa Kigiriki, jina moja la kale mara mbili. Kwa hiyo lile jina "lisilotajwa" limeandikwa kwenye vibao vya zoo dunia nzima.

Ni kule kaskazini ambako lilikufa. Wajerumani na ndugu zao wakaja na bär, ambalo kwa maelezo yaliyozoeleka ni "wa kahawia". Walithuania wana lokys. Wafini, ambao sio ukoo wa lugha hizi kabisa, wana karhu, neno linalohusu manyoya makavu ya kukwaruza, na mbali na hilo wana rundo la majina mengine na moja wapo ni mesikämmen, "kiganja cha asali". Antoine Meillet, mwanaisimu Mfaransa, ndiye aliyeliweka hili vizuri kwenye maandishi mwaka 1906: pale wawindaji wanapomuogopa mnyama hawamtaji, na jina la kukwepa likitumika vizazi vingi linamfukuza lile la asili.

Mtu wa kwetu haimshangazi hii. Bibi yangu usiku ulikuwa huwezi kusema nyoka mbele yake, ungesikia "we mtoto, sema kamba!" na mtu akiumwa na nyoka utasikia watu wakisema kaumwa na mdudu. Na jina la kukwepa kula jina la asili tumeliona sisi wenyewe bila kusubiri karne. Chukua kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Lilianza kama neno la kujificha, la kula kimyakimya bila jirani kujua, leo mtu anaagiza nusu kilo ya kitimoto kwa sauti na ndio jina la chakula chenyewe, halifichi chochote, na ndio maana yamezaliwa mengine ya kulificha hilo, mdudu, mbuzi katoliki. Jina la kuficha likishajulikana na wote linakuwa jina tu, inabidi kutafuta lingine. Shikilia hapo, nitaparudia.

Kwa hiyo sipingi kwamba kulikuwa na mwiko. Ninachopinga ni kuufanya mwiko uwe maelezo yote. Kama ni woga mtupu, mbona mbwa mwitu alibaki na jina lake? Waslavi walimuogopa mbwa mwitu kuliko dubu pengine, huyo alikuwa anakuja zizini msimu wa baridi kwa makundi, lakini Mrusi anasema volk, Mcheki vlk, Mserbia vuk, na hilo ni lilelile la babu wa kale, halijafichwa na mtu. Tena Waserbia wakalifanya jina la mtoto: Vuk Karadžić aliyezaliwa 1787, yule aliyewatengenezea Waserbia maandishi yao ya kisasa, aliitwa Vuk kwa sababu wazazi wake walishazika watoto kabla yake na waliamini wachawi hawatamgusa mtoto mwenye jina la mbwa mwitu. Mnyama wa kutisha, jina tupu, linaitwa kutwa nzima nyumbani. Sasa woga uleule ufute jina la huyu na umwachie yule lake, hapo mimi naona kuna kitu kimerukwa.

Na kabla sijaenda kwenye asali niseme juu ya "ber" maana hili linaniudhi. Kuna watu, hasa kwenye video za Kirusi za "siri za mababu", wanadai jina la kweli la dubu kwa Waslavi lilikuwa ber, na ushahidi wao ni neno berloga, pango la dubu, eti ni "loga ya ber". Hapana jamani. Neno hilo zamani lilikuwa bьrlogъ, na Waserbia wana brlog ambalo ni pango la mnyama yeyote, hata banda chafu la nguruwe, dubu hahusiki. Ber ni neno la Wajerumani limechukuliwa likavalishwa nguo za Kislavi ili lionekane la siri. Watu wana njaa ya siri mpaka wanaacha utajiri uliowekwa mezani.

Utajiri wenyewe ni asali.

Kwenye misitu ya Rus, ile dola ya Waslavi ya enzi za kati iliyotawaliwa kutoka Kyiv, asali haikuwa kitu cha kupaka mkate. Mwaka 969 kwenye kronika ya Kyiv mtawala Svyatoslav anataka kuhamia Pereyaslavets kwenye mto Danube na anataja kila nchi inaleta nini pale, Wagiriki dhahabu na hariri na divai na matunda, Wacheki na Wahungaria fedha na farasi, na kutoka Rus anataja vitu vinne: ngozi za manyoya, nta, asali na watumwa. Viwili kati ya vinne ni vya nyuki. Nta iliwasha mishumaa ya makanisa mpaka nchi za magharibi, asali ikapikwa pombe, na pombe hiyo iliitwa medu vilevile, neno moja kwa asali na kwa kinywaji, kama vile Tabora asali na wanzuki vingekuwa na jina moja. Mwaka 996 mtawala Vladimir aliponusurika kuuawa na Wapecheneg, wahamaji wa nyikani, alifanya sherehe ya siku 8 na kronika inahesabu mapishi 300 ya pombe ya asali.

Asali hiyo haikutoka kwenye mizinga ya kupanga bustanini. Ilitoka kwenye bort, tundu lililochongwa kwenye shina la mti ulio hai, msonobari au mwaloni, juu sana, na mwenyewe, bortnik, anapanda kwa kamba na anachonga alama yake kwenye gome ili kila mtu ajue mti ni wa nani. Sheria ya zamani ya Rus, Russkaya Pravda, kwenye ile nakala fupi ya karne ya 11 inasema mtu akichoma au kupora bort ya mtawala analipa grivna 3, grivna ndiyo ilikuwa kipimo cha pesa yao. Unajua farasi wa mtawala mwenye chapa alikuwa faini ngapi? Grivna 3. Mti mmoja wenye nyuki sawa na farasi wa mtawala.

Ndio sasa mtazame dubu kwa jicho la bortnik. Mtu unaweza kumpeleka kwa mzee wa mahakama akalipa grivna zake tatu, dubu utampeleka wapi? Anapanda mti vizuri kuliko wewe, anavunja tundu kwa makucha, anakula asali na masega na watoto wa nyuki wote, na kazi ya miaka imeisha usiku mmoja. Wakabuni dawa ambayo nikiifikiria naiona kabisa: gogo zito linaning'inizwa kwa kamba mbele ya tundu. Dubu anafika, gogo linamzuia, analisukuma. Linaenda, linarudi, linampiga. Anakasirika, analisukuma kwa nguvu zaidi, linarudi kwa nguvu zaidi. Dubu haachi. Anaendelea kupigana na gogo mpaka anachoka au anaanguka chini, na pale chini wengine walishachomeka vigingi vilivyochongoka. Watu waliobuni kitu hicho walikuwa wamekaa wakamsoma dubu tabia yake, hasira yake, uroho wake, mmoja mmoja.

Babu yangu alikuwa na mizinga ya magogo kwenye miyombo kule Sikonge, na adui yake alikuwa nyegere. Mizinga ilining'inizwa kwa waya mbali na shina ili nyegere asiifikie, na bado kuna asubuhi unakuta mzinga uko chini umepasuka, masega yamekanyagwa kwenye mchanga, nyuki wamezagaa hawana pa kwenda, na babu anainama anaokota kipande cha gome anakigeuzageuza hasemi kitu. Akitutuma asubuhi hakusema nyegere. Alisema, "wajukuu zangu, hebu nendeni mkaone kama mwizi kapita." Hakuwa anamuogopa nyegere hata kidogo. Alikuwa na kinyongo naye, ni mtu aliyekula jasho lake, ndio maana akamwita kwa kazi yake. Na sio babu tu, wanasayansi nao walipomwandika nyegere wakampa Mellivora, Kilatini cha mla asali, hawakuwa na mwiko wowote, waliona anachofanya wakaandika.

Kwa hiyo nikisikia medvědь nasikia sauti ya mtu aliyesimama chini ya mti wake asubuhi. Woga ulikuwepo, sawa, huwezi kuishi na mnyama wa kilo 300 bila woga, lakini kulikuwa na majina elfu ya kumkwepa, mkubwa, mweusi, mwenye makucha, kwa nini lishinde hili la asali? Kwa sababu watu waliokuwa wanamtaja kila siku walikuwa watu wa asali. Neno lenyewe ni la zamani kuliko Rus, lakini lilidumu kwenye nchi ambako kila kizazi kilikuwa na sababu mpya ya kulisema.

Na enzi za kati zenyewe zinanipa ushahidi, kwenye sentensi moja naipenda mno. Vladimir Monomakh, aliyetawala Kyiv kuanzia 1113 mpaka alipofariki 1125, aliwaandikia watoto wake wosia, na umetufikia kwenye nakala moja tu, kronika iliyonakiliwa 1377. Mzee anahesabu ajali zake za uwindaji: ng'ombe mwitu wawili walimrusha kwa pembe yeye na farasi wake, kulungu mmoja alimchoma, nguruwe pori alimng'oa upanga pajani, dubu alimng'ata kitambaa cha tandiko karibu na goti, na "mnyama mkali" aliruka kwenye nyonga zake akamwangusha na farasi. Soma tena hiyo sehemu ya mwisho. Dubu kamtaja kwa jina, medvědь, hana wasiwasi, kamweka kwenye orodha kati ya nguruwe pori na huyo wa mwisho. Ila huyo wa mwisho hana jina! Ljutyj zvěr, mnyama mkali, basi, na wasomi mpaka leo wanabishana ni mbwa mwitu, ni linksi, ni chui au ni simba. Na kronika hiyohiyo, mwaka 1074, inaposimulia mashetani waliomtokea mtawa Isaac pangoni kwake Kyiv, inasema walimjia kwa sura ya dubu, halafu kwa sura ya mnyama mkali. Viwili tofauti, kimoja kina jina kingine hakina. Yaani kufika miaka ya 1100 "mla asali" lilishakuwa kitimoto, limechakaa, halifichi kitu, ni jina la mnyama kama jina lingine, linaandikwa na mtawala kwenye barua kwa wanawe, na kazi ya kuficha imehamia kwa mwingine.

Ndio maana mtu anayesema Waslavi walimuogopa dubu wakati wote huo haangalii wanavyolitumia neno. Liko kwenye ramani: juu ya Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, kuna mlima Medvednica na ngome ya karne ya 13, Medvedgrad, mji wa dubu. Huwezi kujenga ngome ukaiita kwa jina usiloruhusiwa kulitaja.

Lakini mchezo haukuisha, na hapa ndipo nilisema nitaparudia. Jina lilipochakaa wawindaji wa Urusi wakaanza upya: kosolapy, mwenye nyayo zilizopinda ndani, khozyain, mwenye mali, yaani mwenye msitu, na kwenye ngano Mikhailo Potapych, jina kamili na la baba yake kama mzee wa kijiji. Wabulgaria wao neno refu walishaliacha, wanasema mechka, linatoka kwenye asali ileile limefupishwa likapakwa sukari, jina la kubembeleza, na kwenye hadithi za watoto ni Baba Metsa, Bibi Dubu. Tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, wanaiita Mechkinden, siku ya dubu, na vijijini walikuwa wanachemsha mahindi halafu wanarusha punje juu kwenye bomba la moshi wakimwambia mechka ale haya yaliyoiva aache mabichi ya shambani. Hapo naona vyote viwili, woga na jirani unayegawana naye chakula, mahindi badala ya asali.

Na Misha, kifupi cha Mikhail, jina ambalo Warusi wanamwita dubu kama mtoto wa nyumbani. Huyo tunamjua hata sisi, au wazee wetu wanamjua: ndiye alikuwa nembo ya Olimpiki ya Moscow 1980, dubu mdogo mwenye mkanda wa pete tano kiunoni. Kenya waligomea michezo ile, Tanzania wakaenda, na chini ya Misha ndipo Filbert Bayi akapata fedha mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji na Suleiman Nyambui akapata fedha mita 5000, medali ambazo mpaka leo hatujaziongeza. Siku ya kufunga wakamfunga Misha maputo makubwa akapaa nje ya uwanja huku watu wanalia kweli, machozi, wanamuaga kwa kumpungia mikono na kumwita kwa jina lake la nyumbani.

Sisi tunamwita dubu, neno la Waarabu, dubb, limefika kwetu bila mnyama mwenyewe, hatujawahi kuwa na dubu msituni. Halina asali ndani, halina kinyongo, halina mahindi wala gogo la kuning'inia. Nyegere ndiye wetu.